Kinywa Kilichobaki na Neno Moja

Naandika kwa mkono wa kushoto, basi mnivumilie. Wa kuume siku hizi unashika ufagio, unashika sufuria, unashika hata shati la mtu akitaka kuondoka kabla sijamaliza kusema, lakini kalamu bado unaikataa. Naandika kwa sababu juzi mwanamke mmoja alikuja nyumbani kwa binti yangu, hapa Beni. Mume wake ameanguka kama nilivyoanguka mimi. Akauliza: "Mama Masika, we ulifanya aje?" Nikaanza kumweleza, maneno yakakwama, akalia yeye, nikalia mimi, hatukufika popote. Haya, nimeandika. Mambo ya udaktari hamna humu. Wanaoyajua wako hospitali, waulizeni wao.

Kabla ya ugonjwa mimi nilikuwa na kinywa. Uliza mtu yeyote kwenye soko la Butembo. Nilikuwa nauza vikwembe, ninyi wengine mwaita vitenge, na kikwembe hakijiuzi chenyewe. Mtu alipita akienda kununua chumvi, nikamsemesha, akarudi nyumbani na kitambaa cha sikukuu na chumvi ameisahau. Marehemu mume wangu alikuwa anasema eti mimi naongea hata nikiwa usingizini, na yeye ndiye aliyejua.

Meza ya jirani ilikuwa ya Kavugho. Alitoka Kanyabayonga, vita vilimfukuza huko, akafika Butembo na robota moja la vitambaa na koti la mwanaume ambalo hakulivua mwaka mzima kwa sababu ya baridi. Ni mrefu, mkimya. Yeye kimya, mimi kelele, tukapatana. Kila asubuhi tulikunywa chai ya thermos yake, tukipokezana kikombe kimoja kwa sababu cha pili kilivunjika na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake anunue kingine.

Siku moja tuligombana. Mteja alikuwa kwangu, ameshika kitambaa tayari, yeye akamwita kwa jicho tu. Nilisema maneno mpaka wauza nyanya wakasimama kusikiliza. Kesho yake asubuhi Kavugho akamimina chai, akanywa, akanipa, nikanywa. Yakaisha. Sisi hatukuwa watu wa kuombana radhi kwa hotuba.

Asubuhi hiyohiyo, jua lilipopanda kidogo, nilikuwa nimeinua kitambaa kumwonyesha mteja. Mkono ukashuka. Nikauinua tena, ukakataa. Nikataka kusema "nishikeni," kikatoka kitu kizito kisicho neno. Kavugho aliruka juu ya meza yake, yeye ambaye sijawahi kumwona akikimbia, akanidaka kabla kichwa hakijafika kwenye mawe. Hilo nalikumbuka vizuri kabisa. Koti lake lilinuka moshi.

Kwetu, mtu akianguka ghafla, swali la kwanza si anaumwa wapi. Swali la kwanza ni alikula kwa nani. Kaka yangu mkubwa, ya Paluku, maana kwetu mkubwa wako unamwita "ya", alifika sokoni akihema, akauliza hilohilo: "Alikunywa nini? Ku nani?" Watu wakamjibu: chai, ya Kavugho, na jana waligombana. Ikawa imekwisha hapo. Karuho. Karuho ni sumu ya kienyeji, na kwetu inaogopwa kuliko risasi. Mwenye karuho hapelekwi hospitali, kwa sababu wanasema sindano itammaliza. Anapelekwa kwa mganga akaitapike.

Basi wakanibeba kwa gari la mtu mpaka kwa mganga mmoja huko Kalunguta. Nililazwa kwenye mkeka kati ya wagonjwa wengine, kila mmoja na beseni lake. Nikanyweshwa maji machungu. Nilitapika mpaka mbavu zikauma upande mmoja, ule upande niliobaki nao. Mganga akachungulia beseni, akasema: "Ile iko pale, muone." Mimi pia nilichungulia. Niliona chai.

Ya Paluku akainama karibu na sikio langu. Ananipenda kaka yangu, lazima niseme, alikuwa analia. Akauliza: "Masika, ni Kavugho njo alikupatia sumu?"

Nilitaka kumwambia: hapana, wewe mwanaume, acha upumbavu, tulikunywa kikombe kimoja, nipelekeni hospitali mbio! Nikafungua kinywa. Likatoka zima, safi, neno la kwanza tangu nianguke:

"Ndiyo."

Na kichwa nacho kikaitika.

Nataka anayesoma aelewe jambo hili, kwa sababu ndilo lililotutesa kuliko mkono na mguu. Maneno yote yaliondoka, likabaki hilo moja. Uko na njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Tufungue dirisha? Ndiyo. Tufunge? Ndiyo. Ndani yangu nilikuwa mzima, najua kila kitu, nawatukana wote kwa mpangilio. Mlangoni lilikuwa linapita neno moja tu.

Binti yangu Kanyere alifika kutoka Beni siku ya pili yake. Sijui alichomwambia mjomba wake kule nje, nilisikia kelele tu, na kelele hizo nilizitambua, ni zangu, amezirithi. Jioni ileile nilikuwa hospitali Butembo. Daktari akasema ni tension, presha ya damu, ilipanda siku nyingi bila mimi kujua, mshipa wa kichwani umeziba. Sumu hakuna. Ya Paluku akasikiliza kwa adabu, kisha akatwambia kwenye korido: "Daktari anaona damu tu. Karuho haionekane mu mashine."

Ilikuwa mwanzo wa mvua, watu wanapanda maharagwe. Nilikuwa nawasikia wagonjwa wenzangu wakiwauliza watu wao kama mbegu zimeingia ardhini. Mimi nilikuwa najifunza kumeza. Mate yalitoka upande wa kuume bila ruhusa yangu, shavu limeshuka, jicho moja halifungi sawasawa. Kanyere alinibadilisha nguo za ndani kama mtoto mchanga huku akiangalia ukutani ili nisione aibu. Niliiona aibu. Lakini mtoto wangu hakukunja pua hata siku moja, na hilo lilinisaidia kuliko dripu.

Halafu Kavugho akaja. Alibeba uji kwenye sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Ya Paluku akasimama mlangoni akamzuia. Kulikuwa na watu wengi, wagonjwa na watu wanaowauguza, wote wakageuka. Kaka yangu akasema kwa sauti kubwa ili wote wawe mashahidi: "Masika, huyu mwanamuke njo alikupatia?"

Nilikaza meno. Nilijua kitakachotoka. Nilifunga kinywa kwa nguvu zote, lakini Kavugho mwenyewe akasema, taratibu: "Masika, baambie basi." Na mimi kwa kutaka kumjibu yeye, nikafungua.

"Ndiyo."

Aliweka sufuria chini. Niliona mgongo wa koti lile ukienda mpaka mwisho wa korido, na mimi nikabaki pale kitandani na ndiyo yangu. Nililia siku nzima. Walisema nalia kwa sababu ya maumivu, wakaniongezea dawa.

Kilichofuata nilikisikia kwa Kanyere. Meza ya Kavugho ilivunjwa. Vijana wa soko walisema akionekana tena Butembo watamchoma. Si maneno ya bure, kwetu yameshafanyika. Kavugho akapotea, na hakuna aliyejua ni wapi. Nililala nikijua kwamba rafiki yangu anaweza kuuawa kwa neno langu, na kwamba mtu pekee anayeweza kulifuta ni mimi, na mimi nimebaki na neno hilohilo.

Mvua zilipozoeleka, Kanyere alinihamishia kwake Beni. Nyumba yangu Butembo iko mlimani, kuna ngazi za udongo ambazo hata mwenye miguu mizima anazishuka akimwita Mungu. Beni ni tambarare na kuna joto. Nikaanza kwenda kwa kiné, yule anayenyoosha viungo. Kwa kiné unangoja. Unakaa kwenye benchi na watu ambao kila mmoja amebaki na nusu, mnaangaliana, na baada ya muda unajua nani ameanza kuinua kidole na nani amekata tamaa. Mzee mmoja alikuwa akiniona tu anajaribu kuinua kidole gumba cha mguu kunionyesha. Siku kilipochezacheza tulicheka wawili mpaka tukafukuzwa.

Mguu ulirudi kwanza. Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Kanyere alichoka. Siku moja nilimwaga supu kwa makusudi kwa sababu aliniuliza mara ya nne kama nataka na nikasema ndiyo mara ya nne nikiwa sitaki. Akapiga kelele: "Mama, unataka nini basi?" Tukanuna wote wawili mpaka bugali ikapoa.

Kiné ndiye aliyesema: "Mupeleke ku Centre." Centre ni nyumba ya mabati hapo mtaani, wamepaka ukuta rangi ya kila namna. Kila mtu anaingia. Watoto wanachora, vijana wanapiga ngoma, kuna bibi asiyeona anayefundisha kusuka vikapu, kuna watu wa viti vya magurudumu wanafinyanga udongo. Hawakuulizi umri wala dini wala nani alikuleta. Mimi nilikataa kushuka kwenye moto, pikipiki iliyotuleta. Niende kuchora na watoto, mimi, muuza vikwembe, na shavu hili? Kanyere akaniuliza: "Tuingie?" Nikasema ndiyo, si unajua. Tukaingia.

Mwalimu wa kuchora anaitwa Kakule. Hasikii tangu utotoni na hasemi. Anaongea kwa mikono, na kwa sisi tusiojua mikono anaandika kwa chaki kwenye kibao chake. Hakunipa pole. Tangu nianguke, yeye alikuwa wa kwanza kutonipa pole, na nilimpenda hapohapo. Aliweka karatasi, akanitia mkaa kwenye mkono wa kushoto, akachora mstari hewani: wewe sasa. Nikachora kitu kilichoanza kama mstari kikaishia kwenye meza. Akakiangalia, akafanya uso wa mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Nikacheka, mate yakatoka. Alinipa kitambaa bila kuacha kucheka.

Nikawa naenda kila Jumatano na Jumamosi. Ukiwa na Kakule huhitaji neno. Anakuuliza kwa nyusi, unamjibu kwa nyusi. Kwa muda ule wa darasa sikuwa bubu. Wengine wote darasani walinisikiliza kinywa, wakapata ndiyo, wakaondoka. Yeye hakuwahi kuisikia ndiyo yangu hata siku moja.

Maharagwe yalikuwa yamekomaa, akina mama wanayaanika barazani, siku Kakule alipoandika kwenye kibao: chora mutu mwenye unataka kuona. Watoto wakachora mama zao. Mimi nilichora koti. Koti la mwanaume, refu, mabega makubwa, na kichwa kidogo juu yake, na mkono unashika kikombe. Lilikuwa baya, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini koti lile kila mtu wa Butembo analijua.

Kanyere alikuja kunichukua. Akaona karatasi, akashtuka, akashika mdomo. "Mama! Ni Kavugho huyu? Unachora mwenye alitaka kukuua? Donc ni kweli alikutilia kitu?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo!" Nikapiga meza kwa mkono mzima. Machozi yananitoka, nazidi kukataa, na kadiri ninavyokataa ndivyo ninavyomwua rafiki yangu.

Kakule alikuwa ananiangalia mimi, kisha Kanyere, kisha mimi. Akapiga meza kwa kiganja ili Kanyere amtazame. Akaandika kwa haraka, chaki ikavunjika, akaandika kwa kipande: *Umemuuliza nini?* Kanyere akamwandikia. Akanigeukia, akanionyesha picha, akafanya ishara ya kutia kitu kwenye kikombe, akaniuliza kwa uso wake. Nikamjibu kwa wangu. Sijui niliufanya nini uso huo, ule upande unaofanya kazi. Akafuta kibao, akaandika: *Mama yako anasema hapana. Anasema kwa nguvu sana. Nyinyi munasikiliza mudomo. Angalia uso.*

Kanyere alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu. Halafu akaniuliza polepole: "Mama, unaitwa Paluku?"

"Ndiyo."

"Tuko Kinshasa?"

"Ndiyo."

"Mimi niko mbuzi?"

"Ndiyo."

"Yesu wangu," akasema, akanikumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze tulilia kwa sababu moja.

Kama una mgonjwa aliyebaki na neno moja, tafadhali, mjaribu kwa upuuzi kwanza. Muulize kama yeye ni ng'ombe. Ndipo umuulize la maana.

Wiki ileile tulikwenda Butembo. Ukoo ulikaa kwenye sebule ya ya Paluku, shangazi zangu wote, na Kanyere akarudia maswali yake. Kinshasa, ndiyo. Mbuzi, ndiyo. Shangazi mmoja akaanza kucheka mpaka akavua kilemba. Ya Paluku hakucheka. Akasema: "Acha, niulize mwenyewe. Masika, mimi niko mwizi?" Ndiyo, nikamwambia, mbele ya watu wote. Sebule ikalipuka. Yeye akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Akauliza kwa sauti ndogo lile swali lake la Kalunguta. Kinywa kikajibu kama kawaida. Lakini safari hii aliniangalia machoni mpaka mwisho, na nikaona rangi ikimtoka usoni. Akasema tu: "Aka! Ni nini nilifanya?"

Kesho yake alikwenda sokoni mwenyewe, akasimama mahali meza ilipokuwa, akawaambia vijana wale kwamba alikosea. Mtu wa heshima kama yeye, katekista. Najua ilivyomgharimu. Wapo waliosema na yeye amelishwa karuho. Lakini wengi walimsikia, na mmoja akatwambia Kavugho yuko Kipese, kwa shangazi yake, analima viazi.

Nilete hapa jambo dogo la furaha kabla sijasahau. Hapana yangu ilirudi, lakini miezi baadaye, pale Centre, mtoto mmoja alipotaka kula rangi ya kijani. "Hapana!" nikapiga kelele. Darasa zima likashangilia, isipokuwa Kakule, aliyeuliza kwa mikono ni nini kimetokea na kwa nini mtoto ana kijani mdomoni. Baada ya hapo yalikuja maneno mengine, moja moja, kwa mpangilio wake wenyewe. "Sabuni" ilitangulia "Kanyere," na binti yangu hajanisamehe.

Kipese lakini tulikwenda nikiwa bado na ndiyo peke yake. Mimi, Kanyere, na ya Paluku na mbuzi mweusi aliyefungwa nyuma ya moto ya pili, kwa sababu kwetu neno zito haliendi bila mbuzi. Kule juu baridi ilitukata masikio. Kavugho alikuwa shambani, koti lilelile, mikono yote udongo. Alipotuona hakukimbia. Alisimama na jembe.

Kanyere akaanza kueleza mambo ya mshipa na maneno. Kavugho akainua mkono: "Niache niulize yeye." Akanijia mpaka karibu. "Masika. Wewe, mu roho yako, uliamini ni mimi?"

Nilijua. Nilijua kabla halijatoka. "Ndiyo."

Nikatia usoni kila kitu nilichonacho. Aliniangalia muda mrefu sana, tangu kwenye paji mpaka kwenye kidevu, mpaka kwenye mate. Halafu kona ya mdomo wake ikacheza. "Masika mwenye ninajua hajibu na neno moja," akasema. "Angenitukana kwanza." Akanifuta kidevu kwa mkono wa koti, udongo na yote, akanishika kichwa akakiweka begani kwake. Nilinguruma pale. Sina neno lingine la kuita sauti ile.

Sitawadanganya, Butembo hakurudi. Alisema soko lililovunja meza yake likae bila yeye. Nilipona mengi, meza ya jirani sikurudishiwa.

Lakini siku ile alitukaribisha ndani. Ya Paluku alibaki amesimama uani na kamba ya mbuzi mkononi, ameandaa hotuba njia nzima, imemkauka. Kavugho akaleta dumu la kasiksi na kikombe kimoja. Kwetu anayemimina pombe ya ndizi huonja kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu. Hata mama mzazi humwonjea mwanawe. Kavugho alimimina mpaka juu. Hakuonja. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akamnyooshea kaka yangu, na akangoja.

Shangazi yake alikuwa mlangoni. Majirani wawili walikuwa kwenye ua. Kanyere alinishika mkono. Ya Paluku aliangalia kikombe, akamwangalia Kavugho, akaachia kamba, mbuzi akaenda kula majani ya viazi vya watu na hakuna aliyemfukuza. Akapokea. Akanywa chote, taratibu, mpaka tukaona sehemu ya chini ya kikombe.

Akajifuta mdomo, akakinyoosha kikombe tena.

"Ongeza," akasema.